Betri Nilizokataa Zitolewe



Neno la leo ni refu kuliko mlivyozoea. Kama unasoma ukiwa kwenye matatu, huenda ukashuka kabla hujamaliza. Basi malizia nyumbani, lakini tafadhali usiishie katikati.

Kuna ushuhuda nimeutoa mara nyingi pale madhabahuni. Leo nataka kuurudisha, kwa sababu niliutoa nusu.

Washirika wa zamani mnaujua. Ilikuwa kesha ya kufunga mwaka, tarehe 31 Desemba 2004. Kanisa letu hapa Ganda lilikuwa bado la udongo na makuti. Tulikuwa tumekodi jenereta, na balbu zilikuwa tatu tu. Ilipokaribia saa sita niliwaambia watu wote wanyamaze, kila mmoja azungumze na Mungu wake moyoni. Hata watoto wachanga walitulia. Katikati ya ukimya ule kengele ndogo ikalia: tiling!

Niligeuka. Nyuma kabisa, chini ya balbu ya mlangoni, kijana wangu wa kwanza alikuwa ameinamia kitu mapajani. Alikuwa na miaka 12, na alikuwa ameketi pale tangu saa tatu usiku.

Kitu chenyewe kilikuwa Game Boy. Kwa ninyi mliozaliwa mkakuta simu mkononi, ile ni mashine ya kuchezea gemu ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa kule Japani tarehe 21 Aprili 1989. Ni ya kijivu, nene kama Biblia ya mfukoni, na mgongoni inakaa betri nne ndogo. Gemu lenyewe liko ndani ya kaseti ndogo ya plastiki inayochomekwa kwa juu. Kioo chake ni cha kijani kilichofifia na hakina taa ya ndani, ndiyo maana kijana alikuwa ameifuata balbu. Kila ukiiwasha, jina la kampuni hushuka polepole kutoka juu ya kioo, na likifika katikati kengele inalia. Alisahau kupunguza sauti.

Aliipataje? Mnaijua Malindi yetu na Waitaliano. Wako mama zetu wanaouza maembe kwa Kiitaliano kizuri kuliko Kiingereza chao. Mjomba wake alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni hao, na likizo ya Agosti kijana alikwenda kumsaidia kufagia uwanja na kumwagilia maua. Wageni walipoondoka walimwachia mashine ile pamoja na kaseti moja, Tetris. Kwa hiyo haikuwa zawadi ya bure. Mtoto alikuwa ameifanyia kazi. Sehemu hiyo sikuwahi kuisema nilipotoa ushuhuda.

Nililosema ni hili: nilimwita mbele. Nilimnyang'anya mashine, nikaiinua juu, nikashika kipaza sauti, nikawaambia watu watazame jinsi Shetani anavyojaribu kuingia nyumba ya mchungaji. Watu wakapiga kelele za ushindi na vigelegele vikapanda. Nikatangaza kwamba kidude kile hakitaonekana tena machoni pa mtoto yule.

Na hapo ndipo kijana aliponiambia neno ambalo sikuwahi kulirudia kwa mtu yeyote. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kililidaka: "Baba, niruhusu nitoe betri kwanza."

Mimi nikasikia ukaidi. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Hata betri hutatoa!" Mkacheka. Wengine mkapiga makofi. Yeye hakulia. Alirudi akakaa mahali pake mpaka asubuhi, na mashine nikaifungia ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda.

Huo ndio ushuhuda wangu wa ushindi. Nimeuhubiri Ganda, nimeuhubiri Msabaha, nimeuhubiri kwenye semina za vijana. Kila nilipouhubiri watu walisema Amina.

Yule kijana sasa ni mtu mzima. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Mombasa, na kutoka Mombasa akaenda Doha, ambako ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa. Pesa za mamake hazichelewi hata mwezi mmoja. Lakini kwa miaka mitatu simu yangu haikuwahi kuita ikiwa na jina lake. Salamu zangu zilipitia kwa mamake, "msalimie baba," basi. Nami mkiniuliza habari zake kanisani nilikuwa najibu kwamba anaendelea vizuri, tumwombee.

Januari mwaka huu aliomba atafutiwe cheti chake cha kuzaliwa. Mama mchungaji akalivuta lile sanduku la bati, akaanza kupekua karatasi. Chini kabisa akakuta kitu kimeviringishwa ndani ya leso kuukuu. Hakuniambia neno. Alikuja kibarazani, akaniwekea mapajani, akarudi ndani.

Zamani ningesema choma. Lakini ninyi mnajua tunakaa wapi. Msitu wa Shakahola hauko mbali na hapa, na mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule. Ilikuwa ya watu walioamini mtu mwenye Biblia mkononi, aliyewaambia shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, chakula kiachwe. Tangu mwaka ule mimi ni mwoga wa kutoa hukumu juu ya kitu ambacho sijakifungua. Nimerudi nyuma nikajihesabia mambo mangapi niliyalaani kwa sababu tu kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

Basi nikafungua kifuniko cha betri.

Wapendwa, zile betri nne zilikuwa bado ndani, baada ya miaka 21. Zilikuwa zimevimba na kupasuka, na unga mweupe wenye ukijani umeota kila mahali kama chumvi kwenye mashimo ya Gongoni. Springi moja ilikuwa imeliwa ikabaki kisiki. Nilitia betri mpya kwa shida, nikaiwasha. Kimya. Nikaiwasha tena. Kimya.

Siku ya pili nikapanda bodaboda mpaka mjini, kwa kijana mmoja fundi wa simu. Ana meza yake karibu na soko la zamani. Ni kijana Mwislamu, mpole, macho yake yameshazoea vitu vidogo. Aliigeuza mashine mkononi akacheka.

"Pasta, hii imenizidi umri."

"Itapona?"

"Bado sijui. Usipopima, husemi."

Nikakaa kwenye benchi lake. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, kumbe ilikula siku mbili. Na siku mbili zile, mimi ninayewafundisha ninyi, nilifundishwa.

Kwanza, mashine haikufunguka. Skrubu zake sita si za bisibisi ya kawaida, vichwa vyake vina mabawa matatu. Mbili kati ya hizo zimejificha mle mle penye betri, na ule unga ulikuwa umezifunika. Fundi hakulazimisha. Alichukua bisibisi ya zamani, akaisaga ncha yake kwa tupa, akajaribu, akasaga tena, mpaka ikakaa. Nilimwambia atumie koleo tumalize. Akasema, "Skrubu ukiiharibu kichwa, Pasta, umejifungia nje mwenyewe."

Ilipofunguka aliitandaza polepole kama mtu anayefungua kitabu chenye kurasa zilizogandana, maana upande wa mbele na wa nyuma umeunganishwa kwa utepe mwembamba wa waya, na ukivuta kwa pupa unaukata.

Kisha akanionesha ule unga. Nikamwambia, "Hii asidi imeimaliza." Akatikisa kichwa. Betri hizi zilikuwa za alkalaini, akasema, na maji yake si asidi, ni kinyume cha asidi. Hata mashine ikiwa imezimwa, vitu vilivyomo ndani ya betri huendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Gesi inajikusanya, ganda linachoka, yale maji yanatoka, yakikutana na hewa yanakuwa huo unga, na kila chuma wanachokigusa kinaliwa. Dawa yake ni siki, kwa sababu siki ni asidi, nayo huyatuliza.

"Lakini hizi zilikuwa betri nzuri," nikasema. "Mjomba wake alizinunua za bei."

"Betri nzuri pia huvuja, Pasta. Ukiziacha ndani, huvuja."

Hapo adhana ya adhuhuri ikalia. Fundi akainuka. Akaniwekea mbele pamba za masikio, kikombe cha siki na mswaki wa meno wa zamani, akaniambia, "Endelea kusafisha, narudi." Akaenda kuswali, akaniacha mimi mchungaji nimeinama juu ya meza yake nikisugua.

Ninyi mnaojua siki mnajua inavyofanya. Inatoa povu dogo, inachemka kidogo, kisha unga unalainika. Nikawa nafuta, natupa pamba, nachukua nyingine. Kama pamba ya kumi hivi, nikaisikia ile sauti ndogo waziwazi kana kwamba mtoto amesimama nyuma ya benchi.

Baba, niruhusu nitoe betri kwanza.

Hakuwa anabishana. Mtoto wa miaka 12 alikuwa anajua jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba kitu ukikifungia na betri ndani kitaharibika. Alikuwa amekubali kunyang'anywa. Alikuwa amekubali kuaibishwa. Aliomba jambo moja tu, kwamba kile nilichokichukua kisiharibike. Nami nikamkatalia, na nikashangiliwa.

Niliweka mswaki chini, nikalia pale sokoni. Watu walipita na vikapu vyao. Mama mmoja akauliza kama mzee yuko salama. Nikamwambia ni siki.

Kuna Game Boy moja maarufu duniani. Kijana wetu wa mitambo pale kanisani alinionesha picha zake kwenye simu. Iliunguzwa na moto wakati wa Vita vya Ghuba, mwaka 1991. Plastiki ya mbele iliyeyuka, vitufe vikawa vyeusi, lakini ilipotiwa umeme iliwaka, na kwa miaka mingi iliwekwa dukani kwa Nintendo kule New York ikionesha Tetris. Hazikuundwa legelege. Aliyeongoza uundaji wake, Gunpei Yokoi, aliingia Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa kutunza mitambo ya kiwandani. Alipenda kutumia vitu vya zamani, vya bei nafuu, vilivyokwisha kujulikana tabia zake.

Nililala nikilitafakari hilo. Ile ya vitani ilipita kwenye moto wa nje ikapona. Ya kwangu haikupigwa, haikuanguka, haikunyeshewa. Iliharibiwa na kitu kilichofungiwa ndani yake, gizani, pasipo mtu kuigusa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Na mtume Paulo aliwaonya Waefeso, sura ya 4, wasilale na hasira mpaka jua lizame, kwa sababu hasira iliyolala inampa adui nafasi ya kukaa. Angalieni kwamba Paulo hakusema hasira mbaya peke yake. Mimi yangu nilidhani ni hasira takatifu, wivu wa nyumba ya Bwana. Ilikuwa betri ya bei. Nayo ilivuja.

Siku ya pili fundi alitoa springi kutoka redio mbovu, akailehemu mahali pa ile iliyoliwa. Akatia betri nne mpya, akashika mita yake, akapima: volti 6. Taa ndogo nyekundu pembeni mwa kioo ikawaka, ikazima. Nikasema, "Basi, imekufa." Akasema, "Ngoja." Akapima kabla ya swichi, umeme upo. Akapima baada ya swichi, umeme umepungua. Akaniangalia. "Nguvu inaingia hapa, haifiki hapa. Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya hapa na hapa."

Wapendwa, mimi nimechunga watu miaka mingi, na sijawahi kumpima mtu hivyo. Mimi kijana akichelewa ibada, nasema ameasi. Mama akinyamaza kwenye maombi, nasema amepoa. Nampa mtu mzima jina la ugonjwa wake. Fundi huyu hakusema mashine ni mbovu. Alitafuta ni wapi mpaka wapi. Swichi ilikuwa imeshika uchafu, basi. Akaidondoshea spiriti, akaniambia niisukume mbele na nyuma. "Mara ngapi?" "Mpaka ikubali." Nikaisukuma mpaka kidole gumba kikauma. Taa ikawaka, ikatulia.

Lakini kioo kilikuwa na mistari mitupu kutoka juu mpaka chini, kama jamvi lililopotewa na miyaa. Fundi akasema chini ya kioo kuna utepe uliogandishwa kwa joto, na kwa miaka yote ile ndani ya bati umeachia baadhi ya sehemu. Akapasha chuma cha kulehemu, akakipitisha juu ya utepe, taratibu, bila kukandamiza. Nikamuuliza kwa nini anakwenda polepole vile. Akasema moto ukizidi utepe unaungua na hakuna wa kuurudisha, ukipungua hakuna kinachoshika. Mstari mmoja ukarudi. Akapita tena. Wa pili, wa tatu.

Kurudi kunahitaji joto, sikatai. Mtoto hukanywa. Lakini yule fundi alipima joto kwa ajili ya utepe mwembamba kama unyasi, na mimi nilimwashia mtoto mmoja moto wa kesha nzima na kipaza sauti juu yake. Paulo huyo huyo, mbele kidogo katika sura ya 6, anawageukia kina baba na kuwaambia wasiwachokoze watoto wao. Mstari huo nilikuwa nauruka haraka kwenda kwenye silaha za Mungu.

Sasa tukachomeka kaseti. Tukaiwasha. Juu ya kioo kikashuka kitu cheusi, kama tofali. Hakikuwa na herufi. Kikafika katikati, na kengele ikalia vizuri kabisa: tiling! Kisha hakuna kilichoendelea.

Nikafurahi. "Imepona! Imelia!"

Fundi akasema, "Haijapona, Pasta. Kengele italia hata kaseti isipokuwepo. Angalia jina."

Akanieleza inavyofanya kazi. Lile jina limeandikwa mara mbili. Liko ndani ya mashine na liko ndani ya kaseti. Ukiwasha, mashine inalisoma jina kutoka kwenye kaseti, inalionesha, inapiga kengele, kisha inalilinganisha na lile lililomo ndani yake, alama kwa alama. Yakilingana gemu linaanza. Yakitofautiana hata kidogo inasimama hapo hapo. Kaseti yetu ilikuwa chafu, jina halikusomeka.

Sikuwa na la kusema. Kengele yangu imelia hapa Ganda miaka mingi. Vipaza sauti tumeongeza, mabati tumepiga, watu wanasikia kutoka barabarani. Lakini ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtoto ambaye alipoangalia ili alisome Jina ninalolihubiri, aliona tofali jeusi. Nami nilikuwa nahesabu kengele.

Nikaishika kaseti nitake kuipuliza, kama tulivyozoea kufanya na kila kitu. Fundi akanizuia mkono. "Pumzi ina maji, Pasta. Ukipuliza unaiongezea kutu." Nikacheka peke yangu. Sisi Wapentekoste tunapenda kupuliza! Akachukua pamba, spiriti, akafuta vile vibati vya rangi ya dhahabu kimoja kimoja. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi, ya pili ya kijivu, ya tano safi.

Tukaiwasha. Jina likashuka, herufi zote. Kengele ikalia. Na vipande vya Tetris vikaanza kuanguka.

Alinitoza shilingi 800. Nilitaka kumpa zaidi akakataa. Akasema nimefanya nusu ya kazi mwenyewe.

Usiku ule nilicheza kwa mara ya kwanza maishani, nimekaa chini ya balbu ya kibarazani kwa sababu kioo hakina taa. Mama mchungaji alichungulia dirishani akacheka mpaka akaziba mdomo kwa leso. Nilicheza dakika kumi. Sikumwona Shetani. Niliona vipande vinavyoanguka bila mpango, na mtu anayejitahidi kuvipanga vikae vizuri kabla havijamzidi. Nikafikiri, mtoto wa mchungaji, usiku wa manane, baada ya kukaa saa tatu bila kusinzia, alitaka hiki tu.

Nimehubiri Luka 15 mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku zote nimejiweka upande wa baba. Lakini baba yule wa Luka hakusubiri kibarazani. Alimwona mtoto angali mbali akakimbia yeye. Mimi miaka mitatu nilikuwa nimekaa nikingoja nipigiwe simu kwanza.

Basi nilirekodi video fupi ya mashine ikiwaka. Kisha nikarekodi sauti. Sikuhubiri. Nilimwambia, "Mwanangu, usiku ule uliniomba jambo la haki nikakukatalia mbele ya watu. Nilikuaibisha, kisha nikaifanya aibu yako kuwa mahubiri yangu kwa miaka mingi. Nilikosa. Nisamehe." Mkono ulitetemeka kabla ya kutuma. Wapendwa, nimesimama kwenye mikutano mikubwa bila kutetemeka.

Alama mbili zikawa za buluu. Hakuna jibu. Usiku ukapita. Kesho yake mpaka jioni, hakuna. Nikasema moyoni, amesikia, hiyo inatosha.

Saa tatu usiku ujumbe ukaingia. Maneno matatu tu:

"Baba, umetoa betri?"

Niliinuka kitini. Nikaichukua mashine, nikafungua mgongo wake, nikazitoa moja moja, zote nne, nikazipanga mezani, nikapiga picha, nikamtumia. Nikaandika, "Nimezitoa, mwanangu."

Ijumaa simu iliita, na jina lilikuwa lake.

Nimemwomba ruhusa kuyaandika haya. Amekubali kwa masharti mawili, nisitaje jina lake, na nisiwaambie kwamba amerudi. Basi nawaambia ukweli. Hajarudi kanisani, nami simsukumi. Tunazungumza. Juzi alinieleza kazi yake, jinsi wanavyotafuta penye kuvuja kwenye mtambo wa baridi, nami nikamsikiliza bila kuigeuza mahubiri, jambo ambalo mnajua kwangu ni gumu. Hatujamaliza. Ile swichi bado tunaisukuma mbele na nyuma, mpaka ikubali.

Na kwenu mliokuwepo usiku ule wa 2004, mlicheka kwa sababu mimi niliwachekesha. Dhambi ile ni yangu. Ushuhuda ule nimeufuta. Mkinisikia nikiurudia tena, nikatizeni hata kama ni katikati ya ibada.

Sasa wewe unayesoma. Kuna mtu ulimfungia sandukuni. Pengine ni mtoto aliyeoa mahali usipopapenda. Pengine ni ndugu mliyegombana naye juu ya shamba la mzee, au dada wa kwaya ambaye hamjasalimiana tangu uchaguzi. Pengine una hakika kabisa ulikuwa na haki, na pengine kweli ulikuwa nayo. Mimi siulizi kama betri zako ni nzuri. Nauliza kama bado zimo ndani.

Usiseme yule mtu ameharibika. Hujapima. Tafuta ni wapi mpaka wapi. Anza na siki, maana kuungama ni kuchungu na kunatoa povu, lakini ndiko kunakolainisha. Usilazimishe skrubu. Pima joto lako. Na ukisikia kengele, usifurahi upesi, angalia jina.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe hukutufungia gizani na dhambi zetu ndani. Ulifungua, ukaziondoa, ukatusafisha kwa subira ambayo sisi hatuna. Tupe mikono ya namna hiyo kwa watoto wetu. Wakumbuke walio mbali, Doha, Jeddah, Nairobi, na kila mahali ambako watoto wa Ganda wamelala usiku huu. Uwape baba zao ujasiri wa kupiga simu kwanza. Katika jina la Yesu.

Leo nawaomba msiandike Amina hapa chini. Mtakaoandika nitajua hamjafanya. Weka hii simu yako sikioni, mpigie yule mtu, halafu Jumapili uje uniambie.

Mbarikiwe. Mchungaji wenu.